Mmoja anataka kunipasua parefu, mwingine vitundu vidogo: mguu wangu niukabidhi kwa nani?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 43, naishi nje kidogo ya mji wa Morogoro. Mke wangu ndiye aliyenisukuma nikuandikie, maana nyumbani kwetu tangu mguu huu upate shida hapalaliki. Kila mtu ana lake.

Jumamosi, siku kumi na moja zilizopita, tulikuwa na bonanza la maveterani. Nacheza beki ya kulia. Kipindi cha pili mpira ulirushwa nyuma yangu, nikageuka, nikajisukuma nianze kukimbia, nikasikia kama mtu amenipiga jiwe nyuma ya kisigino cha mguu wa kulia. Mlio wake hata mshika kibendera anasema aliusikia. Niligeuka kwa hasira nijue nani amenipiga teke, nikakuta mchezaji wa karibu yuko hatua kumi kutoka nilipo. Nilipojaribu kukanyaga, mguu ukawa kama umeingia shimoni.

Maumivu yenyewe hayakuwa makubwa, na hilo ndilo lililotupotosha. Zahanati niliyokwenda jioni ile waliona kifundo kinacheza juu na chini, wakasema nimeteguka. Wakanipa dawa za maumivu na bandeji. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, akanipeleka kwa mzee mmoja anayeunga mifupa. Alinichua kwa mafuta ya moto siku tano, asubuhi na jioni, huku akiuvuta unyayo kuelekea juu ili "mshipa urudi mahali pake". Nilikuwa natembea kwa kuchechemea, nikaenda hadi shuleni mara mbili.

Siku ya tisa mpwa wangu anayesomea udaktari alikuja kunisalimia. Akanilaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Akaminya kigimbi cha kushoto, unyayo ukashtuka. Akaminya cha kulia, unyayo ukatulia kimya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, huu mshipa umekatika."

Leo ni siku ya kumi na moja. Nimeonana na madaktari bingwa wawili wa mifupa na wote wamekubali kwamba umekatika, ila hapo ndipo walipoachana. Wa kwanza anasema nipasuliwe kwa mkato mrefu wa kawaida, ncha zionekane, zishonwe. Wa pili anasema mkato mrefu ni wa zamani. Yeye hutoboa vitundu vidogo na kupitisha uzi chini ya ngozi, kovu linakuwa dogo na kidonda hakisumbui. Halafu yuko shemeji yangu, muuguzi kule Uingereza, anayepiga simu kila jioni. Anasema kwao mtu wa umri wangu huvalishwa buti maalumu na mshipa unaunga wenyewe bila kisu.

Mke wangu ameshika la shemeji. Nina sukari, sasa mwaka wa tatu, natumia vidonge, na mjomba wake alikatwa mguu kwa kidonda kilichokataa kupona. Akisikia neno "kupasuliwa" machozi yanamtoka. Mimi nikiangalia wachezaji wakubwa naona wote hupasuliwa, basi najiuliza kwa nini mimi nibaki na buti.

Mengine ambayo huenda yakasaidia: sivuti sigara, nina kilo 88. Wiki tatu hivi kabla ya bonanza nilikuwa nimemaliza dozi ya sipro (antibiotiki ya siprofloksasini) niliyoinunua duka la dawa kwa ajili ya taifodi. Naenda shuleni kwa pikipiki, kilomita 14, na mguu wa kulia ndio wa breki. Bima ya kazini ninayo.

Nichague lipi, Mama? Na je, uwanjani nitarudi?

Mwalimu, Morogoro

---

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa maumivu na kwa usiku usiolalika. Mfikishie mama mkwe salamu zangu na umwambie asijilaumu. Kano hii ya nyuma ya kisigino, uliyoiita mshipa, ikikatika huwadanganya hata waliosomea, na aliyekupeleka kuchuliwa alikuwa anakutafutia nafuu.

Uelewe kwanza ninakosimama. Mimi sishiki kisu. Miaka mingi kazi yangu ilikuwa mazoezi tiba: kupokea miguu baada ya daktari wa upasuaji kuvua glavu, na kukaa nayo miezi. Nimepokea ya mkato mrefu, ya vitundu, na ya hogo tupu, yaani plasta ngumu bila kisu. Nitakwambia nilichokiona na tafiti zinachosema, lakini atakayeamua kwa haki ni daktari aliyekushika mguu huo kwa mkono wake.

Kabla hatujafika kwenye visu, lipo la leo usiku. Kuchua kukome, na mtu yeyote asiuvute tena unyayo wako kuelekea juu. Kila unyayo unapokwenda juu, ncha mbili za kano zinaachana. Lala vidole vikiwa vimeelekea chini, kama mcheza ngoma anayesimamia vidole, na kesho asubuhi mwombe mmoja wa wale madaktari akufunge nusu hogo, yaani plasta ya upande mmoja tu, katika mkao huohuo wakati unasubiri. Chukua magongo. Mguu wa kulia usikanyage.

Sasa nikueleze kilichotokea humo ndani, kwa sababu ukikiona utaelewa kwa nini madaktari wako hawaelewani. Kano ya Achilles, yenye jina la yule shujaa wa hadithi za Wagiriki, ndiyo kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Inakusanya misuli ya kigimbi na kuifunga kwenye mfupa wa kisigino. Sehemu inayokatika mara nyingi ni kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino, mahali ambapo damu hufika kwa uchache. Nayo haikatiki kama kamba iliyopigwa panga. Wewe ni wa Morogoro, katani unaijua: fikiria kamba ya katani iliyovutwa hadi ikafumuka, pande zote mbili zikabaki manyuzinyuzi. Hivyo ndivyo zilivyo ncha zako sasa, zimelala ndani ya ala yake, yaani utando unaoizunguka kano, pamoja na damu iliyoganda.

Kifundo kiliendelea kucheza kwa sababu ipo misuli mingine midogo, ya vidole na ya pembeni mwa mguu, inayoweza kuusukuma unyayo chini ukiwa hewani. Haiwezi kubeba kilo 88 zako. Ndiyo maana swali la kuuliza halikuwa kama mguu unacheza. Lilikuwa lile la mpwa wako: kigimbi kikiminywa, unyayo unaitika? Mpe kijana huyo mkono wa pongezi. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya wanne au watano wenye jeraha hili huambiwa siku ya kwanza kwamba ameteguka.

Nianze na la shemeji, maana ndilo limeshika nyumba. Hakukosea. Mwaka 2010 madaktari wa Canada walichapisha utafiti wa watu 144: nusu walipasuliwa, nusu hawakupasuliwa, na wote waliingizwa mapema kwenye utaratibu mmoja wa mazoezi. Waliokatika tena walikuwa 2 upande wa waliopasuliwa na 3 upande wa pili. Mwaka 2022 ukaja mkubwa zaidi kutoka Norway, katika jarida la New England Journal of Medicine, watu zaidi ya 500, na huu unakuhusu hasa kwa kuwa ulilinganisha njia zako zote tatu: bila kisu, mkato wa wazi, na mkato mdogo. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa waliulizwa wenyewe kuhusu kutembea, kupanda ngazi, kukimbia na kuruka. Majibu ya makundi matatu hayakutofautiana kwa maana yoyote. Tofauti ilikuwa kwingine. Bila kisu, asilimia 6.2 walikatika tena. Kwa mikato yote miwili, asilimia 0.6. Upande wa mishipa ya fahamu iliyoumia, mkato mdogo ulikuwa na watu 9, mkato wa wazi 5, na bila kisu 1.

Kwa hiyo mke wako akisema watu hupona bila kupasuliwa, anasema kweli. Lakini soma utafiti kwa jicho la mwalimu anayekagua mtihani: waliofanya mtihani ule walikuwa akina nani? Walikuwa watu waliofikishwa hospitalini mapema, wakafungwa vidole chini ndani ya siku chache, kisha wakashikwa mkono na mtaalamu wa mazoezi wiki hadi wiki. Mguu wako umetembea siku tisa na umechuliwa na kuvutwa juu mara kumi. Si mguu uleule. Huenda ncha zako bado zinakutana, huenda zimeachana na pengo limeanza kujaa kovu laini lisilo na nguvu. Hakuna anayejua mpaka apimwe.

Kipimo chenyewe ni rahisi na sijaona ukikitaja: ultrasaundi ya nyuma ya kisigino, inayofanywa unyayo ukiwa umenyooshwa kuelekea chini. Mwambie mpimaji aandike kwenye majibu kama ncha zinakutana katika mkao huo, na kama hazikutani zimeachana kwa umbali gani. Zikikutana, buti au hogo bado ni njia ya haki ya kuzungumzwa. Zisipokutana, shemeji itabidi atulie. MRI, ile picha ya sumaku, si lazima kwa swali hili, usije ukasubiri foleni ya wiki mbili kwa ajili yake.

Tuje kwenye mkato mrefu. Unalala kifudifudi, mara nyingi kwa ganzi ya mgongoni. Daktari anachana ngozi kama sentimita 8 hadi 10, upande wa ndani kidogo wa mstari wa katikati ili akae mbali na mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje. Anafungua ala, anaondoa damu iliyoganda, anazipanga zile nyuzi zilizofumuka zikae sawa, anaziunganisha kwa uzi imara unaojifunga kila hatua ndani ya nyama ya kano, halafu anairudisha ala juu yake kabla ya kufunga ngozi. Uzuri wake ni kwamba anaona. Anapima urefu, analinganisha na mguu wa pili, anajua kwa macho kwamba ncha zimekutana. Na kano ikiwa imekaa wiki nyingi, njia hii ndiyo inayompa nafasi ya kufanya zaidi ya kushona.

Ubaya wake ni ngozi ya pale. Jishike nyuma ya kisigino uone: ngozi, kisha kano, basi. Hakuna nyama wala mafuta ya kulishia kidonda damu. Nimeona vidonda vya pale vilivyofunga siku ya kumi na nne kama zipu, na nimeona vilivyofumuka, vikatoa usaha, kano ikaonekana nje, mgonjwa akakaa miezi akisafishwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wavuta sigara, wanaotumia dawa za steroidi, na wenye sukari isiyodhibitiwa. Machozi ya mke wako hayatoki bure, na daktari yeyote anayeyapuuza hajamsikiliza.

Vitundu navyo. Wazo si geni sana: madaktari wawili wa Marekani, Ma na Griffith, waliandika juu yake mwaka 1977. Daktari anatoboa vitundu vichache pande zote mbili za kano, anapitisha sindano ndefu na uzi chini ya ngozi, anakaza, anafunga. Kidonda ni kidogo na hatari ya usaha hupungua. Ila anafanya kazi asiyoiona. Ule mshipa wa fahamu wa upande wa nje ukinaswa na uzi, unabaki na ganzi ukingoni mwa unyayo, na kwa wachache ganzi hiyo hugeuka moto wa usiku. Nimewakanda watu wa namna hiyo. Kano ilikuwa nzima kabisa, lakini shuka likigusa mguu walikuwa wanaruka. Tena njia hii inataka jeraha bichi. Kadiri siku zinavyopita ncha zinanata mahali zilipo, na uzi unaovutwa gizani unaweza kukazwa ncha zikiwa bado hazijafikiana.

Kuna ya katikati ambayo kwenye barua yako hakuna aliyekutajia, au pengine ndiyo anayoikusudia daktari wako wa pili. Inachanwa sentimita 2 au 3 tu pale penye pengo. Daktari anaziona ncha kwa macho, kisha anaingiza chombo maalumu cha kuongozea nyuzi ndani ya ala yenyewe, ili uzi upite ndani na uuache ule mshipa wa fahamu nje. Inachukua uzuri wa pande zote mbili kwa kiasi fulani. Inataka chombo hicho, au ustadi wa kufanya bila hicho, na inataka mkono uliozoea.

Sasa unaniuliza nichague. Kwa miaka 43, siku kumi na moja, kutembea na kuchuliwa, na nia ya kurudi kucheza, naegemea upasuaji, isipokuwa ultrasaundi ituonyeshe ncha zilizokutana vizuri. Na kwa sukari yako, kati ya mikato naegemea huo wa katikati, mfupi lakini wenye kuona. Hili lina sharti moja kubwa. Kama hakuna karibu nawe aliyeuzoea, mpe mguu daktari wa mkato mrefu anayeufanya kila mara, usimpe wa vitundu anayejaribu. Usione haya kuuliza. Muulize kila mmoja: kano za namna hii umeshona ngapi mwaka huu, na kwa njia gani? Ngapi zilipata usaha? Ukifungua ukakuta pengo kubwa utafanya nini? Daktari mzuri hujibu maswali haya bila kununa, na jibu la lile la mwisho ndilo litakalokuonyesha aliyejiandaa. Morogoro na Dar es Salaam si mbali, na MOI pale Muhimbili ni taasisi ya mifupa na ajali. Ukihitaji rufaa, iombe sasa.

Nasema sasa kwa sababu siku zako zinahesabika. Hadi wiki mbili hivi, njia zote bado ziko mezani. Ikipita wiki ya nne hadi ya sita, madaktari huanza kuiita kano iliyokatika zamani, na mambo hubadilika: pengo likifika sentimita 2 hadi 5 huenda wakalazimika kuichana kano juu kwa umbo la V ili waishushe, na likizidi hapo huchukua kano ya kidole gumba cha mguu na kuihamishia kisiginoni. Watu hupona hivyo, nimewaona wakitembea vizuri tu, lakini ni upasuaji mkubwa zaidi, na wewe una nafasi ya kuukwepa.

Sukari. Kapime ya asubuhi, na uombe kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, upeleke majibu kwa daktari kabla hajakupangia siku. Uliandika unatumia vidonge. Hukuandika sukari inasoma ngapi. Kwangu namba hiyo ina uzito kuliko urefu wa mkato. Mjomba wa mke wako alipoteza mguu kwa kidonda kilichokutana na sukari iliyopanda, na hayo mawili lazima yatenganishwe kwako kabla kisu hakijagusa ngozi. Mwombe daktari pia aikague ngozi ilipopita mafuta ya moto. Ikiwa na malengelenge au wekundu, pale hapachanwi mpaka patulie.

Halafu sipro. Umeitaja kama jambo la pembeni, mimi imenishtua. Kundi hilo la dawa, pamoja na ndugu yake levofloksasini, linajulikana kudhoofisha kano, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake zito kabisa liwekwe kwenye pakiti kwa sababu hiyohiyo ya kano kukatika, na inayotajwa zaidi ni hii ya Achilles. Inaweza kutokea hata wiki au miezi baada ya dozi kuisha. Siwezi kusema ndiyo iliyokukata. Mpira wa Jumamosi kwa mtu aliyekaa wiki nzima darasani unatosha. Lakini mwambie daktari, aandike kwenye faili lako, na usinunue tena dukani. Hasa baada ya upasuaji, mtu akitaka kukupa sipro kwa ajili ya kidonda, mkumbushe.

Kuhusu wachezaji wakubwa: ndiyo, wengi hupasuliwa. David Beckham ilimkatika Machi 2010 akiichezea AC Milan, akapasuliwa Turku kule Finland, akakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, akarudi uwanjani Septemba. Alikuwa na miaka 34 na kundi la wataalamu waliokuwa na kazi moja tu, mguu wake. Wewe una vipindi vya kufundisha na kilomita 14 za pikipiki. Usijipime kwa miezi yake sita.

Hesabu yako naiona hivi. Wiki mbili za kwanza mguu ukiwa kwenye hogo, vidole chini, ukiwa umeuinua juu ya mito muda mwingi. Nyuzi zikitolewa, unaingia kwenye buti lenye kabari chini ya kisigino, ukiruhusiwa kukanyaga kidogokidogo, na kabari zinapunguzwa moja baada ya nyingine hadi kama wiki ya nane. Kama bima haigharimii buti, usikate tamaa ukauza mbuzi. Uingereza walilinganisha hogo na buti kwa watu 540 ambao hawakupasuliwa, wakachapisha mwaka 2020, na baada ya miezi tisa hali za wagonjwa zilikuwa zilezile. Hogo linalobadilishwa kwa wakati, likirudishwa pembe kidogo kila mara, linafanya kazi. Nimewahi pia kukaa na fundi viatu tukakata kabari kutoka soli za raba na kuzipanga ndani ya kiatu cha mgonjwa. Baada ya hogo zilimsaidia sana.

Adui wa miezi hiyo ni mmoja, naye haonekani: kano kurefuka. Inaunga, lakini inaunga ikiwa ndefu, na kigimbi hakivuti tena. Hutokea kwa mkato mrefu, kwa vitundu na kwa buti vilevile, na mara nyingi husababishwa na haraka: mtu anaona mguu umekaza, anaunyoosha kwenye ngazi kama wanavyofanya wanamichezo, au mtu wa nyumbani anamsaidia "kuulainisha". Mguu uliokaza kidogo wiki ya kumi ni mguu unaokwenda vizuri. Usinyooshwe na mtu. Utaimarishwa kwa kusimamia vidole, kwanza miguu miwili, na ipo siku utasimamia mmoja, ambayo kwa wengi huchelewa kupita mwezi wa sita.

Pikipiki usiiguse mpaka uweze kukandamiza breki kwa nguvu zote bila kusita, jambo ambalo halitatokea kabla ya miezi mitatu hivi. Zungumza na mkuu wa shule mapema kuhusu likizo ya ugonjwa na usafiri. Kukimbia taratibu ni kati ya mwezi wa nne na wa sita. Uwanjani, mwezi wa tisa hadi mwaka. Unaweza kurudi, ndiyo. Ila usirudi mpaka utakapoweza kusimamia vidole vya mguu wa kulia peke yake mara ishirini na kitu, karibu sawa na wa kushoto. Mpwa wako akuhesabie, asikuhurumie.

Na hili mke wako alijue kama wewe. Mguu uliofungwa huweza kugandisha damu, upasuliwe au usipasuliwe. Kigimbi kikivimba na kuuma ghafla ndani ya hogo, au ukapata kichomi kifuani na pumzi kukata, hospitali usiku huohuo, si asubuhi. Muulize daktari kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Safari ya basi kwenda Dar, omba kiti cha kunyoosha mguu.

Kesho ni nusu hogo, ultrasaundi, na sukari. Ukipata majibu, niandikie mambo mawili tu: ncha ziko umbali gani unyayo ukiwa chini, na sukari imesoma ngapi. Nitakujibu siku hiyohiyo.